Kiputo Kisicho na Mkia

Dukani, tarehe 3 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, kwa hiyo nimeitikia kabisa tusipoteze karatasi. Mimi mzima. Mguu wa kushoto unalalamika nikisimama kwenye pasi muda mrefu, lakini huo mguu umezaliwa kulalamika, usiushughulikie.

Kifurushi chako kimefika. Nimekifungulia hapahapa kaunta wateja wakiwa wamejaa, na nilifanya makusudi. Nikasema, "Jamani sogeeni, mwanangu ameleta vitabu vyake." Mwalimu wa hesabu akashika kimoja, akageuza-geuza, akauliza, "Hizi katuni zote kaandika yeye?" Nikamwambia kila neno unaloliona humo limepita mkononi mwa mwanangu, na hata Mungu akisema kitu humo ndani, anayeandika ni yeye. Duka likanyamaza! Hata Bwana Kola, unamkumbuka, yule mteja anayetaka kola ngumu kama ubao na asiyekubali jambo la mtu mwingine, alifunga mdomo. Nikajiona nimekalia kiti cha enzi, kumbe ni furushi la mashuka ya nyumba ya wageni.

Ndiyo maana nakwambia usinipigie simu, uandike. Simu ukiikata imekwisha. Barua naiweka kaunta, mtu akija na suruali yake anaisikia.

Sasa, mwanangu. Nilipofunga duka nikakaa kuvisoma mwenyewe. Nimeshtuka. Nimeshtuka mpaka nikavua miwani nikaipangusa, nikidhani ni uchafu wa kioo.

Kwanza huyu Mfalme wa Upepo. Kitabu kinasema ni mungu, tena wa zamani, watu walimjengea mahekalu. Ukurasa wa tisa anapigwa ngumi na msichana mwenye mkono wa shaba, anaangukia kwenye meza ya muuza samaki. Mungu gani huyo ananuka samaki? Halafu kuna Malaika Mstaafu. Ana mabawa, ana kitambi, amepanga chumba na anagombana na mwenye nyumba kuhusu manyoya kwenye ngazi. Shetani naye ana ofisi, ana katibu muhtasi na kiyoyozi. Tena nguo zao! Mtu mzima, mwenye nguvu za kubeba meli, kwa nini avae chupi juu ya suruali? Na nani anazifua? Ulimwengu wote huo sijaona dobi hata mmoja.

Kuna na ule ukurasa ambao Tai Mdogo anamdaka fundi aliyeteleza kwenye paa la ghorofa. Ule niliupita. Picha zake zimebanana sana.

Lakini swali lenyewe ni hili. Kiongozi wetu wa ibada alikuja kuchukua majoho yake, akasoma kidogo akiwa amesimama, akaniuliza, nami nikakosa jibu. Mimi, nikose jibu! Amesema hivi: kama Mungu Mwenyewe yumo humo, hawa wenye chupi wana kazi gani? Na kama hayumo, yule malaika amestaafu kutoka wapi?

Nijibu kwa herufi kubwa. Watu wanangoja.

Mama yako anayekutangaza,
Dobi

* * *

Ofisini, ghorofa ya nne, tarehe 14 Februari

Shikamoo mama,

Pole na mguu. Wewe huusikilizi, ndiyo maana unapiga kelele.

Kuna jambo moja nataka nilirekebishe, na hili tafadhali lisomwe kwa sauti. Mama, mimi siandiki maneno. Mtunzi ndiye anayeandika maneno. Mchoraji anachora. Mimi nachora herufi, na vile viputo maneno yanamokaa, naviweka mahali ambapo havitaziba uso wa mtu. Kila kiputo kina mkia, na mkia naugeuzia mdomo wa anayesema. Ni kazi nzuri na ninaipenda, lakini mimi ni kama anayetandika meza. Chakula kinatoka jikoni.

Kuhusu swali la kiongozi, hata hapa ofisini tunagombana kila wiki. Sisi tuna vitabu vingi, watunzi wengi, na ulimwengu mmoja. Mtunzi mmoja akibomoa daraja leo, mwenzake kesho hawezi kupitisha basi juu yake. Na kila mtunzi amekuja na vyake. Mmoja kaleta miungu ya kale, mwingine mizimu, mwingine malaika, mwingine mwanasayansi asiyeamini kitu chochote. Wote hao inabidi wakae mtaa mmoja na wapishane kwenye ngazi.

Kwa hiyo kuna kanuni. Wale miungu wa kale ni watu wenye nguvu nyingi na umri mrefu, basi, wanaweza kupigwa ngumi na kuangukia samaki. Malaika na mashetani wana mipaka kama wafanyakazi wengine. Lakini juu yao wote kuna Mmoja. Huyo hachorwi kabisa, hata kidole. Hapigani, na hakuna shujaa anayeruhusiwa kumwomba apigane. Mara chache mno anasema, na akisema tunatumia kiputo cha dhahabu kisicho na mkia. Mkia ungeelekea mdomoni, na mdomo haupo.

Kwa nini haingilii? Mhariri wetu ana jibu lake: "Akiingia Yeye, hadithi inaisha ukurasa wa pili." Nimeona uso wako unavyobadilika, mama. Na hujasikia kuhusu vifo. Shujaa wetu akifa, baada ya miezi kadhaa anarudi. Wasomaji wanajua, kwa hiyo wanalia nusu tu.

Kile kiputo cha dhahabu mimi nakiacha mwisho, kurasa zote zikiwa tayari. Nainuka, nanawa mikono, ndipo nakaa kukiandika. Natumia kompyuta, mikono haigusi hata karatasi, wenzangu wananicheka. Lakini nimekulia kwa dobi. Kabla ya nguo nyeupe unanawa.

Toleo lijalo ni kubwa. Tai Mdogo atakufa akizuia daraja lisianguke, na mama yake, mwanamke wa kawaida kabisa, atasimama kwenye kifusi na kumuuliza Mungu kwa nini. Kiputo kitajibu.

Nawasalimia wateja wote, hata Bwana Kola.

Wako,
Chiriku

* * *

Dukani, tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Barua yako imesomwa. Sasa tuna utaratibu: Mwalimu wa hesabu ndiye msomaji, maana ana sauti ya redio, na mimi nasimama karibu naye kupokea sifa. Alipofika pale uliposema huandiki maneno, nikawaambia huo ni unyenyekevu, nimekulea hivyo, asiyeamini aje aangalie unavyokunja shuka.

Lakini mwanangu, hilo la mhariri limenikaa kooni kama mfupa. Yaani mmemfungia nje ili hadithi isiishe? Mwenye nyumba amewekwa barazani, wapangaji wanatwangana ndani, na hodi haruhusiwi kupiga?

Duka liligawanyika. Bwana Kola alisema mhariri ana akili, kwamba mwenye kitu chake haendi kukimbizana na kila mwizi. Dereva wa gari la wagonjwa, yule anayeleta sare zenye madoa nisiyoyauliza, alisema, "Mimi kazi yangu yote nabeba watu. Sijawahi kumwona mwenye joho akishuka kunisaidia machela." Kiongozi wa ibada alifikiri sana, akasema angalau hamkumchora, hapo amewapa heshima. Nikasema heshima hiyo ni ya mwanangu.

Na habari ya wafu kurudi! Mama mwenye nyumba ya wageni alijipiga kofi mdomoni kwa mshangao. "Wanarudi? Na waliokwisha kugawana nguo zao?" Mimi nikaenda nyuma kuangalia maji.

Hilo toleo kubwa nimeagiza vitabu ishirini dukani kwa muuza magazeti. Siku litakapotoka tutalisoma hapa pamoja, nimeshatangaza. Usiniambie Mungu anajibu nini. Nataka nishtuke pamoja na wenzangu. Niseme kweli, nalisubiri hilo jibu kuliko wote.

Mama yako,
Dobi (sasa wananiita Mama Kiputo)

* * *

Ofisini, tarehe 21 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka, nampa mtu anayesafiri leo.

Toleo limetoka na kasoro. Kiputo cha dhahabu ni kitupu. Mama wa Tai Mdogo anauliza, kiputo kipo, ndani hamna neno hata moja. Vitabu vyote vimechapwa hivyo, viko madukani nchi nzima. Mhariri hajakaa kitini tangu asubuhi. Watunzi wa vitabu vingine wamepanda juu wanapiga kelele, kwa sababu Mungu akikaa kimya katika kitabu kimoja, amekaa kimya katika vyote.

Kosa ni langu. Tafadhali usifungue vitabu mbele ya watu. Futa mkutano. Sema umeugua.

Chiriku

* * *

Dukani, tarehe 26 Machi

Chiriku,

Umechelewa. Barua yako imefika juzi, na sisi tulisoma siku moja kabla yake.

Ngoja nikueleze ulichonifanyia. Nilikuwa nimepanga viti vya kuazima mpaka nje. Nimevaa gauni la zambarau. Kiongozi wa ibada alikaa mbele, Bwana Kola pembeni na kola yake, dereva mlangoni maana yuko zamu. Kila mtu na kitabu mkononi, na Mwalimu anasoma. Anasoma vizuri mpaka wengine wanajifuta machozi. Daraja linaanguka, Tai Mdogo analishika, watoto wanavuka, yeye anabaki. Kisha mama yake anakuja na kanga yake imejaa vumbi, anaangalia juu. "Mbona yeye? Nijibu. Mbona mwanangu?"

Mwalimu akafungua ukurasa. Akanyamaza.

Nikasema, "Soma basi." Akasema, "Hakuna." Nikasema, "Hakuna nini?" Akasema, "Mama, hakuna kitu." Nikamnyang'anya kitabu. Ukurasa mzima anga jeusi, na katikati yake kile kiputo chako, dhahabu pembeni, weupe ndani. Watu ishirini wakaangalia karatasi nyeupe.

Mshtuko nilioupata siwezi kuuandika. Masikio yalinipiga mluzi. Mama mwenye nyumba ya wageni alianza kulia kwa sauti, na sijui hata alikuwa anamlilia nani. Kiongozi alisimama, akachukua majoho yake bila kukagua mikunjo, akaondoka bila kuaga. Yule mtu hajawahi kuondoka bila kukagua mikunjo.

Bwana Kola ndiye aliyesema. "Amesahau tu, kama mama yake alivyosahau kifungo changu."

Hapo nikawaka. Nikasema, "Mwanangu hasahau! Amefanya makusudi, na nyinyi akili zenu hazijafika!" Nilidanganya mbele ya umati, Chiriku, na wameniamini, maana tangu siku ile wanapita kuniuliza maana yake na mimi nawaambia nangoja barua.

Kwa hiyo niambie. Mungu alikuwa aseme nini? Na wewe ilikuwaje, ulikuwa unaumwa? Waambie wakubwa wako waweke hayo maneno upesi, wasikufukuze. Mimi siwezi kuwa mama wa kiputo kitupu.

Mama yako,
bado natetemeka

* * *

Chumbani kwangu, tarehe 4 Aprili

Shikamoo mama,

Barua hii ni yako peke yako. Usiisome mbele ya watu. Nakuomba.

Ofisini nimesema nilisahau. Wewe nitakwambia ilivyokuwa, ingawa mimi mwenyewe sijui niiite nini.

Mtunzi aliandika hivi, ndani ya kiputo cha dhahabu: "Nilimhitaji kuliko wewe."

Maneno matatu tu. Nilimaliza kurasa zote, nikaenda kunawa mikono. Nikakaa. Nikachora kiputo, nikakitia dhahabu. Nikasoma yale maneno, nikainuka nikanawa tena. Unajua nilikuwa naona nini? Nilikuwa naona sebule yetu siku tuliyomzika kaka. Ulikaa kwenye mkeka, watu wanapita mmoja mmoja. Bwana Kola alikushika mkono akasema, "Mungu alimpenda zaidi." Mwalimu akasema ni mpango. Kiongozi wa ibada akakuinamia akasema, "Mungu alimhitaji kuliko sisi." Na wewe kila mtu ulimwambia amina, amina, kisha ukamuuliza kama amepata kiti. Siku nzima ulikuwa unawatafutia watu viti. Kaka aliteleza kwenye paa la watu kwa sababu ya upepo tu, alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na wewe ulikuwa unahesabu viti.

Tangu siku ile hujamtaja. Unanisifia mimi mpaka napata kizunguzungu, na yeye hujamtaja.

Kiwandani kwa wachapaji wakapiga simu, mtambo unasubiri. Nikatuma faili. Mama, sijui kama nilisahau. Najua tu kwamba kidole kilituma na moyo haukushtuka mpaka kesho yake.

Sasa wanachapa upya. Mhariri amenipa mpaka mwisho wa mwezi niweke yale maneno kwa mkono wangu, na niandike maelezo kwa wasomaji kwamba ilikuwa hitilafu. Nisipoweka, kazi imekwisha. Si mtu mbaya. Anasema kiputo kile ni cha wote, mimi sina ruhusa ya kuamua Mungu amenyamaza. Na mtunzi amekasirika, ana haki, ni maneno yake. Tena wanasema hasara iko wapi, Tai Mdogo mwenyewe anarudi mwezi wa sita.

Maneno matatu. Naweza kuyaandika nimefumba macho. Nikikataa, hutakuwa na kitu cha kuweka kaunta. Niambie nifanye nini.

Chiriku

* * *

Dukani, tarehe 13 Aprili

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Barua yako imesomwa mbele ya watu.

Usinilaumu mpaka nimalize. Miwani yangu iko kwa fundi. Barua ilipofika, Mwalimu alikuwa amekaa palepale, na wenzake wote wamejaa, maana kwa karibu wiki tatu walikuwa wanangoja maana ya kile kiputo. Mwalimu akafungua, akasoma, "Usiisome mbele ya watu." Akaniangalia. Mimi kwa kiburi changu nikasema, "Endelea, hawa si watu, ni wateja." Wakacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Akaendelea. Alipofika kwenye jina la kaka yako, yaani ulipoandika "kaka", sauti ya redio ikakatika. Nilitaka kusema basi, inatosha. Mdomo haukufunguka. Naye maskini hakujua kama aache au amalize, akaendelea taratibu, akajisoma na yeye mwenyewe, "Mwalimu akasema ni mpango." Akasoma hivyo hivyo, mbele ya watu, jasho linamtoka.

Bwana Kola alifungua kifungo cha juu cha shati. Miaka yote sijapata kumwona shingo. Akasema, "Nilisema hivyo kweli?" Dereva akamjibu, "Ulisema. Nilikuwa nyuma yako."

Na kiongozi wa ibada alikuwepo. Alikuwa amerudi kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kitabu. Alikaa juu ya furushi la nguo chafu, yeye, na joho jeupe mkononi, na hakujali. Akasema, "Mama, siku ile sikujua la kukwambia. Nilikuwa nimekuja na mikono mitupu, nikaogopa kuonekana nayo." Nikamwambia anyanyuke, anachafua joho. Nilikuwa na hasira naye na sikujua kama nilikuwa nayo. Nimeijua pale pale, mbele ya watu wote. Nimeshtuka kuliko nilivyoshtushwa na kiputo.

Nikafunga duka mchana. Sasa nakuandikia mwenyewe, bila miwani, mistari ikipanda juu usicheke.

Mimi nilimuuliza Mungu swali lile lile la yule mama wa kwenye kifusi. Nilikwenda chumba cha nyuma, nikajifunika mashuka ya wageni nisisikike, nikauliza. Sikujibiwa. Nikauliza tena na tena. Kisha watu wakaja na majibu yao, kila mmoja analo, mikononi kama sahani. Nikadhani wao wameambiwa, mimi tu ndiye niliyeachwa. Niliona aibu, Chiriku. Mtu wa kujisifu kama mimi, nimwambie nani kwamba nimepiga hodi sikufunguliwa? Ndiyo nikatafuta viti.

Sikuacha kuomba, usije ukafikiri hivyo. Mpaka leo naomba. Nilizoea tu kuomba bila kutega sikio.

Halafu nafungua kitabu cha watu wenye chupi juu ya suruali, na humo ndani namwona mwanamke amesimama anaangalia juu, na hajibiwi. Siku ile nilishtuka nikadhani ni aibu. Leo ndiyo najua. Nilishtuka kwa sababu nilijiona.

Sikwambii Mungu amenyamaza. Sijui Mungu anafanya nini, na kila anayejua nimeshamfulia nguo, najua kola yake ikoje ndani. Nakwambia tu, mtu asimsemee. Hasa kwa mkono uliotoka tumboni mwangu.

Usiandike. Kaunta ni mbao tu, nitaipaka rangi.

Mama yako

* * *

Chumbani, tarehe 2 Mei

Shikamoo mama,

Niliposoma kwamba imesomwa dukani, nililia, kisha nikacheka mpaka mpangaji wa jirani akagonga ukuta. "Hawa si watu, ni wateja." Mama!

Nilirudisha ukurasa kama ulivyo. Mhariri aliuangalia, akaniangalia, akasema, "Una hakika?" Nikasema ndiyo. Akasema pole, na alimaanisha. Mwenzangu wa meza ya pili ndiye aliyeweka maneno, ilimchukua muda mfupi tu. Uchapaji wa pili utakapofika kwa muuza magazeti utayaona, yamekaa vizuri katikati, herufi safi. Sijamchukia. Ana watoto.

Jambo lililonishtua ni hili. Nashuka ngazi na boksi langu, mtunzi ananifuata. Nikajua anakuja kunitukana. Akashika upande mmoja wa boksi. Tukashuka naye ghorofa zote. Chini mlangoni akasema, "Yale maneno sikuyatunga. Niliambiwa, baba yangu alipokufa. Nilikuwa mdogo. Aliyeniambia alinishika kichwa, na mimi niliyaamini, nikaweza kulala." Kisha akasema, "Nilidhani nampa yule mama kitu kizuri."

Nilikuwa nimemchukia mwezi mzima. Nilimshukuru kwa boksi.

Tai Mdogo atarudi mwezi wa sita kama nilivyokwambia. Mchoraji alishanionyesha. Anatoka chini ya daraja, nguo zake hazina hata vumbi, na mama yake anamkumbatia. Nilizitazama zile kurasa muda mrefu. Sikuweza kuzichukia nazo.

Sina kazi. Nimeandika barua sehemu mbili tatu, bado kimya. Pole kwa kaunta.

Chiriku

* * *

Dukani, tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Pole ya nini? Hujui mama yako. Barua yako ilifika asubuhi, kabla ya mchana mtaa mzima ulikuwa umeambiwa: mwanangu amefukuzwa kazi kwa kukataa kumwekea Mungu maneno mdomoni. Nani mwingine hapa ana mtoto aliyefukuzwa kwa sababu kama hiyo? Mtoto wa jirani alifukuzwa kwa kulala. Bwana Kola alijaribu kusema kazi ni kazi, nikamwonyesha pasi.

Habari ya mtunzi nimeitunza, sikuisoma kwa sauti. Kiongozi wa ibada tu ndiye niliyempa aisome mwenyewe. Alisoma mara mbili, akasema, "Kwa hiyo kwa mmoja ni mkate na kwa mwingine ni jiwe." Akauliza utajuaje yupi ni yupi kabla hujafungua mdomo. Nikamwambia hata mimi sijui, labda uanze kwa kukaa.

Sasa sikiliza kilichotokea jana. Ameingia mteja mgeni, mwanamke wa makamo, amehamia nyumba ya kona, ameleta mapazia. Wakati namwandikia kijikaratasi chake, ameniuliza tu vile watu wanavyouliza, "Una watoto wangapi, mama?" Na wewe unajua jibu langu siku zote. Mmoja, anachora herufi, kaa nikusimulie.

Mdomo wangu ukasema, "Wawili."

Nilishtuka, Chiriku. Niligeuka kuangalia nani kasema. Mwalimu aliyekuwa anapiga soga pale akainama akajifanya anafunga kamba za viatu, na amevaa ndara. Mgeni akasema, "Wa pili anafanya nini?" Hana habari, maskini, anauliza tu.

Nikamwambia wa kwanza, si wa pili. Nikamwambia alikuwa fundi wa mapaa. Kwamba alikuwa mrefu, akiingia hapa dukani anainama mlangoni, na hata akiwa nje anainama kwa mazoea. Kwamba alipiga mluzi vibaya kuliko mtu yeyote duniani na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kwamba paa la shule kule juu amelifunga yeye, na upepo wote uliopita haujang'oa hata bati moja, aende akaliangalie mwenyewe kama anadhani natia chumvi. Nikamsifia, mwanangu! Nikamsifia mpaka yule mgeni akavuta kiti, na Mwalimu akaacha kujifanya, akaanza kunikumbusha nilichosahau. Bwana Kola akaingia akakuta tunacheka, akauliza tunamcheka nani, tukamwambia, na yeye akatoa kisa cha siku kaka yako alipopaka rangi dari yao akajipaka na nywele.

Mapazia ya watu hayajafuliwa mpaka sasa. Njoo nyumbani unisaidie, yako mengi.

Mama yenu,
Dobi